Kumrudisha Mama Mbeere kwa Matairi Yanayokwaruza

Nimechoka kusimulia habari hizi kipande kipande kwenye foleni ya chai ya ofisini, kwa hiyo naziandika zote mara moja. Mnaouliza kwa nini niliomba ruhusa ya siku tatu nikarudi baada ya wiki nzima na ushee, jibu limo humu. Mnaouliza kwa nini kingo za madigadi ya pikapu yangu zimepondwapondwa, jibu limo humu pia. Na yule aliyesema nilikuwa nimejificha kwa wakwe nikila kuku, namsamehe, ingawa kuhusu kuku hakukosea sana.

Kwa wasiomjua mama yangu: ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hataki kuulizwa. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya Ishiara, Mbeere, mahali ambapo mvua ni ya kuviziwa. Mwezi wa pili aliteleza akiokota kuni akavunjika mguu, nikamchukua akaja kukaa nasi Meru, mimi na mke wangu Kagendo. Siku ile ya kumchukua, pikapu ilizama kwenye mchanga wa mto wetu, ule ambao miezi mingi hauna hata tone. Mama alikuwa nyuma juu ya godoro akiugulia, wanaume sita wakisukuma, mimi nikilia mbele ya watu wanaonijua tangu sina meno. Niliapa kwamba siku ya kumrudisha, gari halitazama tena.

Mwezi wa kumi ulipofika mguu ulikuwa umepona, na mama alikuwa ameshafunga mizigo yake. Kule kwetu mvua ya mwezi wa kumi ndiyo mvua yenyewe. Asiye na mbegu ardhini wiki ya kwanza, ajue amekosa. Mama alishakosa msimu mmoja akiwa kwangu, na huo mwingine hakutaka kuusikia ukinyesha kwenye mabati ya Meru. Alikuwa amempigia simu jirani yake amlimie kwa ng'ombe. Ndengu na kunde za mbegu alikuwa nazo kwenye mfuko aliolala nao kitandani. Kilichobaki ni yeye kufika kabla mto haujajaa, maana mto ukijaa hakuna anayevuka, hata uwe nani.

Basi nikaenda kutafuta matairi makubwa.

Makutano: mkono unapita

Fundi wangu anaitwa Mutwiri, ana kibanda pale Makutano, karibu na malori yanakopakia. Ni fundi mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtasikia mengine. Nilifika asubuhi ya Jumatano na matairi manne ya mitumba, mapana na marefu kuliko yale ya kawaida, Mutwiri akayazunguka akicheka peke yake.

"Boss, hizi zinapanda mlima bila kupiga hodi," akasema. "Lakini lazima tuzitafutie nafasi. Hii gari haikuzaliwa na miguu kama hii."

Alipofunga mawili ya mbele na mimi nikakata usukani hadi mwisho, tairi likagusa nyuma ya madigadi, kwaruu. Akakata plastiki ya ndani kwa kisu alichokipasha moto. Akakaza vyuma vya chini ili gari liinuke mbele. Tukajaribu tena, likashika upande wa ndani. Ndipo akaleta spesa, vile vyuma vya mviringo ambavyo huwekwa nyuma ya rimu kulisukuma gurudumu nje, akaziweka mbele, na kwa kuwa hakutaka gari lionekane na mabega mapana na kiuno chembamba, akaziweka na nyuma. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimekunywa chai mara nne kwa mama mmoja wa kibanda cha jirani, na nimesoma gazeti la juzi hadi matangazo ya vifo.

"Sasa kuja uone." Mutwiri aliingiza mkono mzima kati ya tairi la nyuma na bodi, akaupunga kama anayeaga. "Mkono unapita. Itashika wapi?"

Tukazunguka Makutano mara mbili, tukapanda kuelekea mjini, tukarudi. Kimya kabisa. Nilimshukuru kutoka moyoni. Si yeye wala mimi aliyekumbuka kwamba gari lilikuwa tupu, limebeba fundi mwembamba na mtu wa ofisini, na kwamba kwetu sisi hakuna aliyewahi kwenda nyumbani na gari tupu.

Mama alipoliona limesimama uani alilitazama kwa muda mrefu.

"Njeru, hii umewanunulia twiga?" akauliza.

Hakuweza kupanda. Mguu wake uliopona haukufika hata kwenye kile chuma cha kukanyagia. Mimi niliyenunua matairi ili nimpeleke mama nyumbani sikuwa nimefikiria mama ataingiaje. Kagendo alikwenda jikoni akaleta kreti la soda, mama akalikanyaga, akashika mlango, akajitupa ndani kama gunia, na hivyo ndivyo tulivyofanya kila mahali tuliposimama. Kreti lile lilisafiri na sisi kama abiria wa tatu.

Nkubu: magunia ya msamaha

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, mimi na mama peke yetu, Kagendo akibaki na watoto. Nilipiga hesabu ya kufika Embu adhuhuri. Lakini wazazi wa Kagendo wanakaa Nkubu, na mtu hapiti kwenye lango la wakwe zake akiwa na mama yake mzazi garini bila kusimama. Nikasema nusu saa.

Tulikaa saa tatu na nusu. Kwanza ilikuwa uji, halafu kuku akakimbizwa hapo hapo mbele ya macho yetu, jambo ambalo humwambia mgeni kwamba asiangalie saa. Mukimo uliletwa umerundikwa, na kila nilipomaliza upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umeongezwa. Mama alikula vizuri na kusifia. Mama mkwe wangu alikuwa akimtazama kwa huzuni ambayo sikuielewa.

Nilipotoka kunawa mikono alinifuata hadi kwenye bomba.

"Baba Mwenda," akasema kwa sauti ya chini, akinitaja kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "niambie ukweli. Kagendo amemkosea nini mama yako?"

"Hakuna, mama. Wanapendana sana."

"Mbona anarudi kwake na mguu umepona juzi tu? Mzee hatoki kwa nyumba ya mtoto wake hivi hivi. Anafukuzwa na maneno."

Nikamweleza habari ya mvua, na ndengu, na mto. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayemsikiliza mkwe mwenye adabu akimfunikia makosa binti wa watu. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba jambo ni kubwa. Akaenda kuzungumza na mzee wake, na niliporudi kwenye gari nikakuta wanaume wawili wanapakia. Mikungu minne ya ndizi. Magunia mawili ya viazi. Nduma, maparachichi, na gunia la tatu ambalo hadi leo sijui lilikuwa na nini zaidi ya mahindi.

"Mama, hii ni mingi mno," nikasema.

"Ni kidogo," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Mwambie mama yako mtoto wangu bado ni mdogo, atajifunza."

Ningefanya nini? Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa haurudishwi, hasa ukiwa wa mkwe. Nilitazama nyuma ya gari. Lilikuwa limekaa chini kama kuku anayetaga. Mama alipanda kwenye kreti lake akaingia, akiwa na furaha kuliko wakati wowote tangu mwezi wa pili.

Kutoka Nkubu hadi Embu: kitu kinachotafuna

Tuta la kwanza baada ya hapo tulilisikia wote wawili. Kwaruu, halafu harufu kidogo.

"Kuna kitu kinatafuna," mama akasema.

"Ni barabara."

"Barabara haitafuni."

Nilisimama nikachungulia. Tairi la nyuma lilikuwa limelambwa begani, alama nyeusi inayong'aa, na ule ukingo wa bodi juu yake ulikuwa umepauka. Niliingiza mkono wangu pale Mutwiri alipoingiza wake. Haukupita. Vidole vilipita, kiganja kikakataa.

Nikawaza: mzigo uko nyuma sana, niusogeze mbele. Nikapanda, nikavuta magunia hadi yakagusa kioo cha nyuma ya viti. Nyuma pakanyanyuka. Nikafurahi hadi kona ya Chuka, nilipokata usukani kukwepa mbuzi na matairi ya mbele yakashika kwenye madigadi. Nikasimama, nikarudisha gunia moja nyuma. Matuta yakaanza kulia tena. Nilisogeza mzigo ule mara tano kati ya Chuka na Runyenjes. Shati langu lililopigwa pasi na Kagendo lilikuwa na utomvu wa ndizi kuanzia kola hadi kiunoni, na utomvu wa ndizi, kama hamjui, hautoki.

Nikajifunza kuendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kila tuta nalipanda kwa gurudumu moja moja. Malori yalinipita, pikipiki zikanipita, mzee mmoja wa baiskeli alitupungia mkono, akapita pia. Mama alilala. Mimi nilikuwa nimechoka uchovu ule wa kukaza makalio safari nzima.

Embu, Dallas: dada naye ana lake

Dada yangu Muthoni anakaa Dallas, mtaa wa hapo Embu mjini, na kwake ndiko tulikolala. Alitupikia chapati na maharagwe, nikala nikiwa nimefumba macho. Asubuhi nilipotoka nje nilikuta mifuko minne ya saruji imepangwa karibu na gari, na kitanda cha chuma kimefunguliwa vipande.

"Muthoni, hapana," nikasema.

"Hapana nini? Choo cha mama kinaanguka. Na kile kitanda chake ni cha kamba, mguu wake utakunjika tena."

"Gari inashika."

"Si ndiyo ulinunua matairi makubwa? Ya kazi gani, picha?"

Nilimwita kando nikamwomba tuache hata ndizi, hata viazi, vitakuja siku nyingine. Mama alitusikia. Alikuwa ameketi kwenye kreti akingoja kupandishwa, akatuita wote wawili, na akazungumza Kimbeere, kwa sauti ya chini, ile ambayo tukiwa wadogo ilitangulia fimbo.

"Nimekaa kwa mtoto wangu miezi minane. Watu wote wa kule wanajua. Nikishuka mikono mitupu, watasema nilikuwa nikilala na njaa kwa Njeru. Hawataniuliza. Watasema tu. Hii mizigo si yangu. Ni jina lako."

Muthoni alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Saruji ikapanda, kitanda kikapanda.

Barabara ya Siakago: duka la ndizi

Kabla hatujafika Siakago moshi ulianza kutoka kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Si mwingi, lakini moshi wa mpira haufichiki. Nilisimama kando, nikafungua mlango wa nyuma, nikashusha mikungu miwili ya ndizi ili nione vizuri. Nilipoinuka kulikuwa na wanawake watatu na mwanamume mmoja wa pikipiki wameshika ndizi wakizipima kwa macho.

"Unauza aje mkungu?" akauliza mmoja.

"Siuzi, mama."

"Umeshusha kwa barabara ukisema huuzi?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu anangoja bei ipande."

Yule wa pikipiki akaniambia nisiwe mgumu, biashara ni kuzungumza. Nikaeleza kwamba gari linakwaruza. Akaniambia ndiyo maana niuze haraka. Wengine wawili wakafika. Nawaambia ukweli, nilishawishika. Jua la Mbeere lilikuwa limeanza kunikumbusha mimi ni nani, na mikungu ile miwili ningeiona ikiondoka bila kutoa hata chozi. Lakini mama aliteremsha kioo, akatoa kichwa, akawaambia kwa Kimbeere kwamba hizo ndizi zimetoka kwa wakwe. Wale wanawake waliziweka chini mara moja, kama wameshika sadaka kwa mikono michafu, na wakanisaidia kuzipakia. Mmoja alinisuta kabisa: "Na wewe kwa nini hukusema?"

Tulifika Ishiara kwa mwendo wa ng'ombe, saa saba mchana. Na nilipogeuka kutazama kule mlimani, mto wetu unakotoka, anga ilikuwa imetiwa wino.

Ishiara: majivu kwenye tairi

Nilielekezwa kwa Nyaga, mwenye kuchomelea vyuma karibu na soko. Ni mtu wa makamo, hasemi sana. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, akalala chali chini yake, akakaa huko muda wa kutosha kunitia wasiwasi.

"Nani alikupimia hii?" akauliza kutoka chini.

"Fundi wa Meru."

"Ikiwa na mzigo?"

Nikakiri lilikuwa tupu. Alitoka, akajipangusa vumbi, akaenda kwa mama anayepika githeri akarudi na majivu kwenye kopo. Akayakoroga na maji hadi yakawa uji mweupe, akayapaka mabega ya matairi yote mawili ya nyuma. Kisha akaniamuru nirudishe gari polepole hadi gurudumu moja lipande juu ya jiwe, na mzigo wote ukiwa ndani. Nilipanda. Kwaruu. Akaniita nije kuona. Majivu yalikuwa yameandika mstari mweupe kwenye ukingo wa nje wa bodi. Upande wa ndani hapakuwa na hata doa.

"Umeona? Huku ndani paka inaweza kulala. Huku nje hata wembe haupiti. Hizi spesa ndizo zimepeleka tairi kwa ukuta. Na springi zimechoka, gari ikibebeshwa inalala."

"Tutafanyaje?"

"Natoa spesa za nyuma. Naongeza bamba moja la springi, niko nalo la lori. Huo ukingo napiga nyundo ulale." Akatazama mlimani. "Lakini hiyo ni kazi ya mpaka saa kumi na moja, na huo mto wenu sijui kama utawangojea. Mimi ningekuwa wewe, ningerudi Embu na mama. Mje Krismasi, kukikauka."

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika. Niliposikia maneno yale, moyo wangu ulitulia. Uchovu wote ulinitoka. Nilimwona mama yuko tena kwenye kiti chake sebuleni Meru, anaangalia habari asizozielewa, hospitali iko karibu, na mimi nalala usiku bila kuwaza kwamba ameteleza na hakuna wa kumwinua. Sikutaka aende. Nilikuwa nimenunua matairi, nimebeba saruji, nimeendesha siku mbili kwa mwendo wa kobe, na muda wote huo nilikuwa nikiomba tushindwe.

Nilimwendea. Alikuwa amekaa kwenye kreti kivulini akila githeri. Nikamweleza alivyosema fundi, kwa uso wa huzuni.

Mama aliweka kijiko chini.

"Njeru. Umefurahi."

"Mama, mimi? Nimechoka tu."

"Nimekuzaa. Umefurahi."

Nilikana mara moja, halafu nikaona aibu, nikakubali. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia kwangu hakuna kinachompungukia.

"Ni kweli," akasema. "Nakula, naoga maji ya moto, Kagendo ananipaka mafuta kwa mguu kama mtoto wake. Lakini hakuna mtu ananiuliza kitu. Miezi minane, Njeru. Ninaulizwa kama nimeshiba. Kwangu naulizwa tupande lini, mbuzi huyu ana nini, huyu mtoto apewe jina la nani. Ukinirudisha huko, mguu utakuwa mzima na mimi nitakuwa nimekwisha."

Kisha akachukua kijiko chake akaendelea kula, na mimi nikabaki nimesimama mbele yake na utomvu wangu wa ndizi.

Nilivua shati. Nikamwambia Nyaga aanze, na nikalala chini ya gari pamoja naye. Tulishusha kila kitu pale sokoni, saruji, vyuma vya kitanda, mikungu, watu wakiuliza bei na mama akiwajibu. Niliinua jeki, nikashika taa, nikapiga nyundo ule ukingo hadi mikono ikafa ganzi. Bamba la springi lilikataa kuingia mara mbili, mara ya tatu likaingia likabana na kidole changu. Mbuzi wa mtu alikula maparachichi sita kabla mama hajamfikia na fimbo yake ya kutembelea. Tulipomaliza tulipakia tena kila kitu, kwa sababu Nyaga alikataa katakata kulipima gari likiwa tupu. Akapaka majivu upya. Nikapanda juu ya jiwe, upande huu na upande ule, usukani umekatwa hadi mwisho.

Majivu yalibaki kwenye tairi, yote, bila mkwaruzo.

"Sasa endeni," Nyaga akasema. "Msisimame kusalimia mtu."

Mtoni

Tulifika mtoni saa kumi na mbili kasoro. Mchanga ulikuwa mkavu, lakini katikati ulimi mwembamba wa maji ya rangi ya chai ulikuwa umeanza kuteremka, ukisukuma majani makavu mbele yake. Mtu wa kwetu akiona hivyo anajua hana zaidi ya dakika chache. Mama alishika mfuko wake wa mbegu kwa mikono miwili.

"Usisimame katikati," akasema.

Niliingia kwa gia ya pili. Gari liliyumba, mchanga ukaruka, nikakata kushoto, nikakata kulia. Mizigo iliruka na kutua. Nilikuwa nimetega sikio kwa ile kwaruu hadi shingo ikauma, na haikuja. Tulipanda ukingo wa ng'ambo kama tunapanda ngazi za kanisa. Nilizima injini nikaweka kichwa juu ya usukani. Sikuwa na furaha wala huzuni, nilikuwa hoi tu. Nyuma yetu mto ulianza kunguruma.

Nyumbani

Mama hakukubali nimfikishe mlangoni. Alishuka langoni, akatembea na fimbo yake, na watu walikuwa wameshatoka. Jirani yetu mama Karimi alikuwa wa kwanza. Aliitazama pikapu, mikungu, magunia, kitanda, akapiga vigelegele vya peke yake. Kabla giza halijaingia ndizi za wakwe zilikuwa zimefika nyumba saba, na jina langu pamoja nazo.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mto ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo, na mimi nilikuwa upande usio na ofisi. Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikamtumia mkuu wangu ujumbe, ule ambao mnasema haukueleweka. Mama alinikuta nimeketi nikitazama maji.

"Mgeni siku mbili," akasema, akaninyooshea jembe. "Wewe sikungojei ya tatu."

Nilipanda ndengu Jumamosi nzima. Jumapili tulikwenda kanisani, ambako alisalimiwa na kila mtu hadi ibada ikachelewa. Jumatatu na Jumanne nilipanda kunde. Yeye alipanda akiwa ameketi, mguu mmoja umenyooshwa, akijivuta kwenye mstari kwa panga, na bado alinipita. Watu walikuja shambani mmoja mmoja. Huyu aliuliza kama apande mtama sasa au angoje. Huyu alileta mbuzi aliyevimba tumbo. Msichana mmoja aliyeolewa juzi alikaa karibu naye muda mrefu wakinong'ona, nikaambiwa nihamie mstari wa mbali. Sikuwahi kumsikia mama akizungumza vile Meru. Sauti yake ilikuwa imerudi nene.

Jumatano maji yalipungua. Nilitia vitu vyangu garini, kidole kimefungwa kitambaa, nikawasha injini, nikangoja aje kuniaga. Kwetu mtu huagwa hadi barabarani, na mama hajawahi kukosa. Nilingoja. Nikapiga honi.

Alikuwa kule chini shambani, amekaa kwenye mstari, amenipa mgongo, na mama Karimi amechuchumaa mbele yake akimwuliza jambo. Nilipiga honi tena. Mama aliinua mkono mmoja juu, umefumba mbegu, akaupunga mara mbili bila kugeuka, kisha akaushusha akaendelea kumjibu mama Karimi.

Iliniuma, siwafichi. Niliendesha hadi mtoni nikilia, na nikavuka.